Karagwe na Kyerwa: Ditekta inapolia, kilichofukiwa ni nini na kiko wapi hasa?

Na Mwandishi Wetu

KIFAA cha kutambua metali, ambacho wachimbaji wadogo wa Kanda ya Ziwa wamezoea kukiita ditekta, si kitu kigeni tena nchini. Zamani kilikuwa chombo cha majeshi na kampuni kubwa za madini. Leo kinauzwa madukani na kwenye intaneti, na mtu anaweza kukimiliki bila kupewa somo lolote la namna ya kukitumia.

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, jambo hilo lina uzito wa pekee. Ardhi ya wilaya hizo mbili, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi Kyerwa ilipomegwa mwaka 2012, inahusishwa na mambo matatu yanayowavuta watafutaji au kuwatia hofu wenyeji.

La kwanza ni madini ya bati, yanayochimbwa huko tangu miaka ya 1920. La pili ni mabaki ya ufalme wa kale wa Karagwe, uliosifika kwa uhunzi wa chuma. La tatu ni hatari ya silaha zilizoachwa na vita na misukosuko ya mipakani.

Tatizo ni kwamba mlio wa ditekta haumwambii mtumiaji amekuta kipi kati ya hivyo. Kibaya zaidi, kimoja kati ya hivyo vitatu kwa kawaida hakitoi mlio kabisa, na watu wanaweza kununua mashine kwa ajili yake bila kujua.

Ndiyo maana suala la kupata kwa usahihi mahali kitu kilipofukiwa si la kiufundi tu. Kwa mchimbaji ni fedha na jasho, kwa taifa ni urithi wa kale, na kwa mtoto anayelima au kuchunga karibu na mpaka linaweza kuwa suala la uhai.

Mashine inasikia nini?

Msingi wa ditekta ni mepesi kueleweka. Ndani ya kile kisahani cha mbele, kinachoitwa koili, kuna waya uliozungushwa. Umeme ukipita kwenye waya huo hutengeneza uga wa sumaku unaoingia ardhini.

Uga huo ukigusa kitu kinachopitisha umeme, mathalani sarafu, jembe au risasi, ndani ya kitu hicho huzaliwa mikondo midogo ya umeme inayozunguka. Mikondo hiyo nayo hutengeneza uga wake, ambao koili huupokea na mashine kuugeuza kuwa mlio.

Hivyo, ditekta haioni kitu chenyewe. Inasikia jibu la umeme tu, na jibu hilo hupungua kwa kasi kubwa kadiri kitu kinavyokuwa chini zaidi. Kwa kitu kidogo kilicho mbali na koili, umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu ya jibu inaweza kushuka hadi sehemu moja kati ya 64.

Hesabu hiyo inatosha kuonyesha kwa nini matangazo ya mashine zinazodaiwa kuona sarafu moja kwenye kina cha mita kadhaa yanapaswa kutiliwa shaka. Kwa ditekta za kawaida, sarafu hupatikana ndani ya sentimita 20 hadi 30 hivi. Vitu vikubwa ndivyo vinavyosikika kutoka mbali zaidi.

Historia ya kifaa hiki yenyewe imeanza na fundisho la usahihi. Mwaka 1881, mvumbuzi wa simu, Alexander Graham Bell, aliitwa kutafuta risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani baada ya kiongozi huyo kupigwa risasi. Alitengeneza mashine ya kutambua metali, lakini hakufanikiwa kuipata risasi hiyo.

Moja ya sababu zinazotajwa ni kwamba rais alikuwa amelazwa kwenye godoro lenye springi za chuma. Mashine ilikuwa ikilia, lakini ilikuwa ikisikia kitanda. Rais Garfield alifariki dunia Septemba mwaka huo.

Miaka 60 baadaye, mwaka 1941, ofisa wa jeshi la Poland aliyekuwa uhamishoni Uingereza, Józef Kosacki, alibuni ditekta ya kubebwa na askari mmoja. Ilitumika kusaka mabomu ya kutegwa ardhini katika mapigano ya El Alamein, Misri, mwaka 1942. Ditekta nyingi za mkononi za leo zinafuata njia hiyo hiyo.

Udongo unaodanganya

Karagwe na Kyerwa zina "kitanda cha springi" chao, nacho ni udongo wenyewe. Sehemu kubwa ya eneo hilo ina udongo mwekundu na changarawe zenye chuma kingi. Ditekta ambayo haikusawazishwa na udongo wa aina hiyo hulia mfululizo, au hulia kila koili inapopanda na kushuka.

Juu ya udongo huo kuna kazi ya binadamu. Kagera ni moja ya maeneo ya Afrika yenye historia ndefu ya kuyeyusha chuma. Huko Katuruka, karibu na Bukoba, utafiti ulioongozwa na Profesa Peter Schmidt wa Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 ulionyesha kuwa wakazi walikuwa wakiyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita.

Karagwe nako kuna maeneo ya kale ya uhunzi yaliyochunguzwa na wanaakiolojia. Kazi hiyo huacha mavi ya chuma, yaani takataka ngumu nyeusi za tanuri, ambazo nyingine zina chuma cha kutosha kuifanya mashine ipige kelele kama imekuta mali.

Kisha kuna takataka za kila siku. Kibanja cha migomba na kahawa kilicholimwa vizazi na vizazi kina vipande vya majembe, misumari, vifuniko vya chupa za soda na makopo. Mtu asiye na subira anaweza kuchimba mashimo 50 na kutoka na ndoo ya vyuma chakavu.

Ipo njia ya kuiambia mashine ipuuze chuma cha kawaida na kulia kwa metali nyingine tu. Lakini njia hiyo ina gharama. Kipande cha chuma kilicho karibu na kitu cha thamani kinaweza kukificha, na chuma kikubwa au kilichoshika kutu kwa kiasi kikubwa huweza kuidanganya mashine ikakiita metali njema.

Zipo pia ditekta zinazorusha umeme kwa mapigo badala ya mfululizo. Hizo huvumilia udongo wenye chuma vizuri zaidi na huenda chini zaidi, lakini uwezo wake wa kutenganisha chuma na dhahabu ni mdogo. Mtumiaji analazimika kuchagua, kwani hakuna mashine moja inayoshinda katika kila jambo.

Bati halilii

Hapa ndipo penye kosa ambalo linaweza kumgharimu mchimbaji mdogo wa Kyerwa. Ditekta imejipatia sifa Geita na maeneo mengine ya dhahabu kwa sababu dhahabu hupatikana ardhini ikiwa metali kamili. Punje yake inapitisha umeme, kwa hiyo mashine inaisikia.

Madini ya bati ya Kyerwa hayako hivyo. Yanapatikana kama jiwe zito la rangi ya kahawia au nyeusi liitwalo kasiteriti, ambalo ni bati lililoungana na oksijeni. Jiwe hilo halipitishi umeme kwa namna ya metali, na kwa kawaida ditekta hupita juu yake kimya. Linakuwa metali baada ya kuyeyushwa.

Kwa maneno mengine, mashine iliyomtajirisha mtu Geita inaweza kuwa mzigo Kyerwa. Ikilia katika mgodi wa bati, uwezekano mkubwa ni kwamba imesikia mawe yenye chuma, sururu iliyovunjika au msumari wa banda.

Kinachomsaidia mchimbaji wa bati ni uzito wa jiwe lenyewe. Kasiteriti ina uzito wa karibu mara saba ya maji, wakati jiwe jeupe la kwazi linaloambatana nalo lina uzito usiofika mara tatu. Ndiyo sababu karai, maji na mkono uliozoea vimefanya kazi kwenye vijito vya eneo hilo kwa karne moja, na vitaendelea kufanya kazi pale ambapo ditekta imeshindwa.

Kwa kutafuta mkondo wa bati ndani ya mwamba, elimu ya miamba ndiyo yenye msaada. Wanajiolojia duniani wanauita ukanda huu wa miamba kwa jina la Karagwe na Ankole, kutokana na maeneo mawili yaliyo pande zote za mpaka wa Tanzania na Uganda. Ni jambo la kusikitisha ikiwa mchimbaji aliye juu ya ukanda wenye jina la wilaya yake atauziwa mashine isiyosikia madini yake.

Kutoka kwenye mlio hadi kwenye shimo

Pale ambapo kweli kuna metali ya kutafutwa, mlio ni mwanzo wa kazi. Koili ya kawaida ina upana wa sentimita 20 hadi 30, na mlio unaweza kusikika popote chini yake. Anayechimba mara tu anaposikia mlio anakisia.

Gharama ya kukisia inapimika. Shimo lenye upana wa sentimita 60 lina udongo mara tisa ya shimo lenye upana wa sentimita 20 na kina kilekile. Katika kibanja, ambako mizizi ya migomba iko karibu na uso wa ardhi, tofauti hiyo ni mazao ya mtu.

Hatua ya kwanza ya usahihi hufanyika kabla ya kutafuta. Mtumiaji huchagua mahali pasipo na chuma, kisha hupandisha na kushusha koili huku akirekebisha mashine hadi sauti itulie. Hapo mashine huwa imeuzoea udongo wa mahali hapo, na kazi hiyo hurudiwa kila udongo unapobadilika, kwa mfano mtu anapotoka kibanjani kuingia kwenye nyika ya rweya.

Hatua ya pili ni kupitisha koili. Inatakiwa iwe sambamba na ardhi, karibu nayo, na kwa mwendo wa taratibu. Wengi hukosea kwa kuipeleka kama mtu anayefyeka nyasi, ikipanda juu kila inapofika mwisho wa mkono. Kila inapopanda, kina kinapotea. Aidha, kila mpito unapaswa kufunika nusu ya mpito uliotangulia, vinginevyo hubaki vipande vya ardhi visivyopimwa.

Hatua ya tatu ndiyo kiini. Mlio ukisikika, mtumiaji hupitisha koili kushoto na kulia mara kadhaa, akatambua pale sauti inapokuwa kubwa kuliko pengine, na kuukumbuka mstari huo. Kisha huzunguka robo duara na kupitisha tena kwa kukatiza mstari wa kwanza. Mahali mistari miwili inapokatana, kama alama ya msalaba, ndipo kitu kilipo.

Sauti ikiwa kubwa mno hata isijulikane kilele chake, dawa ni kupunguza nguvu ya mashine au kuinua koili kidogo kidogo. Eneo la mlio husinyaa hadi kubaki doa. Mashine nyingi pia zina kitufe cha kazi hiyo, ambacho huiruhusu ilie hata koili ikiwa imesimama tuli.

Aina ya koili nayo ina maana. Ile yenye duara ndani ya duara husikia kwa umbo la koni, pana juu na nyembamba chini, hivyo kilele cha sauti huwa katikati. Ile yenye nusu mbili zinazopandana katikati husikia kama ubavu wa panga, kutoka mbele hadi nyuma. Kwa hiyo ya pili, mtumiaji huivuta nyuma polepole huku akiitikisa hadi sauti ikatike. Kitu huwa mbele tu ya ncha ya koili.

Yapo pia mambo yanayodanganya hata mikono yenye uzoefu. Msumari au nondo iliyolala huweza kutoa vilele viwili, kimoja kila ncha, na mtu akadhani ni vitu viwili. Vitu viwili vilivyo karibu huweza kutoa kilele kimoja katikati, mahali ambapo hakuna kitu. Bamba lililosimama kwa ukingo hutoa sauti ndogo kuliko lililolala.

Ni kwa sababu hiyo wenye uzoefu huchimba pembeni kidogo ya alama, hupima shimo tena baada ya kila sentimita chache, na hupima pia udongo uliotolewa. Kwa sentimita za mwisho hutumia ditekta ndogo ya mkononi, yenye umbo la rungu fupi, inayolia inapokaribia kugusa kitu.

Pale ambapo si pa kuchimba

Hata hivyo, maelezo yote hayo yana mpaka. Yanahusu sarafu, dhahabu na vyuma vya kawaida. Hayahusu mabomu, na mkoa wa Kagera una sababu za kulijua hilo kuliko mikoa mingi.

Oktoba 1978, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivamia na kuteka eneo la kaskazini mwa Mto Kagera, lenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 1,800. Mwanzoni mwa Novemba yaliliharibu daraja la Kyaka. Vita hiyo iliendelea, na Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979.

Mapigano makubwa ndani ya Tanzania yalikuwa katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Missenyi, jirani na Kyerwa na Karagwe. Lakini silaha haziheshimu mipaka ya wilaya, na chuma kilichookotwa sehemu moja huuzwa sehemu nyingine.

Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi waliingia Kagera. Wengi walikaa Ngara, na wengine katika kambi za Karagwe, ikiwamo Chabalisa, hadi kambi zilipofungwa Desemba 1996. Waliopita daraja la Rusumo walitakiwa kuacha silaha, lakini mpaka wa mto mrefu kama huo hauna mlango mmoja.

Novemba 8, 2017, hatari hiyo ilionekana. Bomu la kutupwa kwa mkono lililipuka katika Shule ya Msingi Kihinga, wilayani Ngara, na kuua wanafunzi watano na kujeruhi wengine zaidi ya 40. Taarifa za wakati ule zilieleza kuwa bomu hilo lilikuwa limeokotwa likidhaniwa kuwa chuma chakavu.

Tukio hilo linapaswa kusomwa upya katika zama za ditekta. Aliyeokota alikutana na kitu kilichokuwa juu ya ardhi. Mwenye mashine anakwenda kukitafuta kilichofukiwa, anakifukua kwa sururu, na biashara ya vyuma chakavu inampa sababu ya kukichukua.

Wataalamu wa kutegua mabomu hawafanyi kama watafuta sarafu. Hawaiambii mashine ipuuze chuma, kwani kila mlio kwao ni bomu hadi ithibitike vinginevyo. Hawachimbi kutoka juu, bali hukisogelea kitu kwa upande, kwa kuchokoa udongo kwa pembe ndogo. Ndiyo maana wanahitaji kujua kilipo kwa usahihi wa sentimita. Kosa la kiganja kimoja linaweza kuwafikisha juu ya kiwashio.

Hata wao ditekta peke yake haiwatoshi. Baadhi ya mabomu ya kutegwa ardhini yalitengenezwa kwa plastiki na yana metali isiyofika gramu moja. Mashine ikiongezwa ukali ili iyasikie hayo, husikia pia kila kipande cha waya na kifuniko cha chupa.

Jawabu moja la tatizo hilo limetoka Tanzania. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, lenye makao katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, limekuwa likifundisha panya buku kunusa baruti ya mabomu. Panya hajali chuma chakavu, na uzito wake hautoshi kulipua bomu.

Kwa mujibu wa shirika hilo, panya mmoja hukagua eneo la ukubwa wa kiwanja cha tenisi kwa dakika 30, kazi inayoweza kumchukua mtu mwenye ditekta hadi siku nne. Panya Magawa, aliyefundishwa Morogoro na kufanya kazi Cambodia, alipewa medali ya dhahabu na taasisi ya PDSA ya Uingereza mwaka 2020.

Kwa mwananchi wa Karagwe au Kyerwa, usahihi unaotakiwa ni wa namna nyingine. Anayekuta kitu cha kutiliwa shaka asikiguse, asikichimbe wala asikipitishie mashine tena. Aondoke kwa njia aliyojia, aweke alama inayoonekana kwa umbali, azuie watoto, na atoe taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji na polisi.

Katika taarifa hiyo, mahali patajwe vizuri. Simu huonyesha eneo kwa makosa ya mita kadhaa, hivyo vipimo vyake viambatane na alama za kudumu: hatua ngapi kutoka mti gani, upande gani wa njia. Kwa askari atakayefika siku ya pili, maelezo hayo ni bora kuliko kuambiwa "lipo shambani kwa fulani".

Mali ya Mjerumani na mali ya taifa

Kivutio kingine cha ditekta ni simulizi za mali zilizofukiwa na Wajerumani. Karibu kila wilaya nchini ina mlima au jengo la zamani linalodaiwa kuficha rupia, na Kagera, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890 na kupigana na Waingereza hapo mwaka 1915, haiwezi kukosa.

Simulizi hizo zina chembe ya ukweli. Mwaka 1916 Wajerumani walipiga Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo, zipatazo 16,000. Lakini kuwapo kwa sarafu hizo si ushahidi kwamba zimefukiwa Karagwe, na aghalabu mwenye kunufaika na simulizi ni yule anayelipwa kuonyesha mahali.

Kinachoweza kupatikana kwa hakika zaidi ni chuma cha wenyeji, na thamani yake haiko sokoni. Mfalme Rumanyika wa Karagwe, aliyewapokea John Speke na James Grant mwaka 1861 na Henry Stanley mwaka 1876, alikuwa na hazina ya alama za kifalme zilizofuliwa kwa chuma, zikiwamo sanamu za ng'ombe. Makao ya ufalme huo yalikuwa Bweranyange.

Katika falme za Maziwa Makuu, nyundo ya mhunzi ilikuwa alama ya utawala. Nchini Rwanda, kaburi la Mfalme Cyirima Rujugira lilipofukuliwa na watafiti mwaka 1969, ndani yake zilikutwa nyundo za chuma. Watafiti waliweza kueleza maana yake kwa sababu walizikuta mahali zilipowekwa.

Nyundo hiyo hiyo ikichomolewa usiku na mwenye ditekta hubaki kuwa kilo chache za chuma chenye kutu. Kilichopotea ni habari ya ilikuwa kando ya nini, kwa kina gani, na ndani ya tabaka lipi la udongo. Shimo dogo lililochimbwa kwa usahihi linaweza kuharibu historia sawa na shimo kubwa, ikiwa aliyelichimba hakuwa na haki wala elimu ya kulichimba.

Sheria haiko kimya. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 na inataka kibali kwa anayefukua. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 nayo haimruhusu mtu kutafuta wala kuchimba madini bila leseni. Na katika hifadhi za taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, zilizotangazwa mwaka 2019, kuingia kuchimba ni kosa jingine tena.

Udhaifu uko katika mashine yenyewe. Mtu anayebeba ditekta barabarani hana kosa, na anapoingia shambani usiku hakuna anayemwona. Serikali za vijiji ndizo zenye macho karibu, lakini bila kuelimishwa haziwezi kutenganisha mchimbaji halali, mpora mambo ya kale na mtu anayelisogelea bomu bila kujua.

Kinachowezekana kufanyika hakihitaji bajeti kubwa. Maofisa madini wanaweza kuwaeleza wachimbaji wa Kyerwa kwamba ditekta haitafuti bati. Halmashauri zinaweza kuwataka wanunuzi wa vyuma chakavu wakatae na kutoa taarifa za kitu chochote chenye umbo la silaha. Shule zilizo karibu na mpaka zinaweza kufundisha watoto, kwa picha, vitu visivyoguswa.

Na kwa wale watakaoendelea kununua mashine, muuzaji awaambie kwamba mlio ni swali ambalo bado halijapata jibu. Jibu hupatikana kwa kupima mara ya pili kwa kukatiza, kwa kuujua udongo wa mahali hapo, na wakati mwingine kwa kuweka alama, kurudi nyuma na kumwita mwenye kazi yake.